Jinsi ya kupima namna SP-A na SP-D zinavyotuliza na kuamsha makrofeji za mapafu

Vifuko vya hewa vya mapafu havifungi tunapotoa pumzi kwa sababu vimepakwa safaktanti, utando mwembamba unaopunguza mvutano wa uso wa maji. Takriban asilimia 90 ya safaktanti ni mafuta na asilimia 10 ni protini. Protini mahususi ni nne, na SP katika majina yake ni kifupi cha protini ya safaktanti. SP-B na SP-C hushikamana na mafuta, na kazi yake kubwa ni kuutandaza utando huo. SP-A na SP-D ni za ukoo wa kolektini (protini zinazoshika sukari), huyeyuka katika maji, na ndizo zinazoelekeza mwenendo wa seli za kinga katika njia ya hewa. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupima mwenendo huo maabara, kuanzia kuosha mapafu hadi kusoma matokeo.

Kabla ya kushika pipeti, lielewe umbo la protini, maana makosa karibu yote ya kazi hii hutokana na kulisahau. Kila mnyororo wa SP-A au SP-D una kichwa kinachoshika sukari kikisaidiwa na kalsiamu, shingo, na mkia mrefu unaofanana na kolajeni. Minyororo mitatu hujisokota kuwa kitengo kimoja. SP-A kamili ina vitengo sita, yaani minyororo 18, vilivyofungwa pamoja upande wa mikia kama shada la maua. SP-D kamili ina vitengo vinne, minyororo 12, katika umbo la msalaba. Katika makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, vichwa vilivyo huru hushika kipokezi SIRP alfa, nacho huita kimeng'enya SHP-1 ndani ya seli na kuzima ishara za uvimbe. Vichwa vikishakamatana na bakteria au mabaki ya seli zilizokufa, mikia ndiyo inayobaki kuelekea kwenye seli. Hapo hushika kipokezi cha kalretikulini iliyoungana na CD91, na ishara ya NF-kB, inayoanzisha uvimbe, huwaka. Kielelezo hiki cha ncha mbili kilichapishwa mwaka 2003, na mpaka leo ndicho kinachosaidia zaidi kupanga majaribio.

Kwa hiyo swali la kama SP-A huongeza uvimbe au huupunguza halina jibu mpaka useme vichwa vilikuwa vimeshika nini, protini ilikuwa nzima au imevunjika, na kalsiamu ilikuwepo kiasi gani.

Protini utaitoa wapi

Usitumie safaktanti za dukani wanazopewa watoto njiti. Poractant na beractant hutolewa kwenye mapafu ya nguruwe na ng'ombe kwa vimumunyishi vya kikaboni. SP-B na SP-C hubaki, ila SP-A na SP-D huondoka zote. Tena mafuta yaliyomo peke yake hupunguza TNF, ishara ya uvimbe ambayo makrofeji hutoa, kwa hiyo utaona makrofeji zimetulia na kumsifu asiyekuwepo.

Chanzo bora cha SP-A ya binadamu ni maji yaliyooshea mapafu ya wagonjwa wa proteinosisi ya vifuko vya hewa (safaktanti kurundikana mapafuni), ambao huoshwa mapafu kwa lita nyingi za saline kama tiba. Maji hayo yangetupwa, lakini ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili ni lazima, na sampuli ipimwe VVU, homa ya ini na kifua kikuu kabla haijaingia maabara. Usipoyapata, tumia mapafu ya nguruwe, kondoo au ng'ombe kutoka machinjioni. Yachukue mara tu mnyama anapochinjwa, ukatae yenye damu nyingi au majani kwenye koo. Hapo kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. Damu ya ng'ombe ina konglutinini, kolektini nyingine ambayo mnyororo wake una uzito unaokaribiana na wa SP-D, na kwenye jeli huwezi kuzitofautisha kwa macho. Thibitisha kwa kingamwili. SP-D ya nguruwe nayo ina sukari ya ziada kwenye kichwa, yenye asidi ya siali, inayoiwezesha kushika virusi vya mafua kwa namna ambayo ya binadamu haifanyi. Ukiitumia kwa kazi ya mafua, usiyahamishie matokeo yake kwa binadamu.

Osha mapafu kwa saline ya asilimia 0.9 iliyobafiwa kwa Tris. Usitumie bafa ya fosfeti, kwa sababu baadaye utaongeza kalsiamu, na fosfeti ya kalsiamu itaganda na kuziba safu yako ya kusafishia protini. Zungusha maji kwenye senterifuji kwa 400 g (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia), dakika 10, nyuzi 4, uondoe seli. Kisha zungusha kioevu cha juu kwa 20,000 g au zaidi kwa dakika 30 hadi 60. Sehemu kubwa ya SP-A imeshikamana na mafuta, hivyo itashuka chini. Sehemu kubwa ya SP-D itabaki kwenye kioevu. Mgawanyiko huu mmoja unakupa protini zote mbili, usimwage upande wowote.

Kwa SP-A, yeyusha mashapo katika maji kidogo, kisha yadondoshe polepole ndani ya butanoli iliyo kama mara 50 ya ujazo wake, ukikoroga kwa dakika 30 kwenye joto la chumba. Mafuta huyeyuka na protini huganda. Zungusha kwa 10,000 g, dakika 30, umwage butanoli, ukaushe mashapo kwa gesi ya naitrojeni. Osha mara mbili kwa oktili glukopiranosidi (aina ya sabuni) ya milimola 20 katika HEPES ya milimola 5 yenye chumvi milimola 150, pH 7.4, ukizungusha kila mara kwa 100,000 g, dakika 30. Mashapo ya mwisho yayeyushe katika Tris ya milimola 5, pH 7.4, isiyo na kalsiamu wala chumvi, na uyafanyie dayalisisi (kuchuja molekuli ndogo kupitia utando) kwa saa 48 ukibadilisha bafa mara nne au tano. Anayeharakisha hatua hii hubakiwa na sabuni ya kutosha kutoboa utando wa makrofeji, kisha anaandika kwamba SP-A inaua seli.

Kwa SP-D, ongeza kalsiamu kloridi kwenye kioevu hadi milimola 10 na ukipitishe kwenye safu ya agarosi yenye maltosi usiku kucha kwa nyuzi 4. Osha kwa Tris yenye chumvi mola 1 na kalsiamu milimola 10. Toa SP-D kwa manganisi kloridi ya milimola 50. EDTA, inayonyakua kalsiamu, nayo huitoa, ila huja na uchafu mwingi zaidi. Manganisi lazima iondolewe yote kwa dayalisisi, kwa kuwa inaweza kukaa mahali pa kalsiamu kwenye vichwa.

Gawa protini katika mirija midogo na uitunze nyuzi 80 chini ya sifuri. Mrija ukishayeyuka, usiurudishe kwenye friza.

Ukaguzi usiorukwa

Kagua kwanza umbo. Kwenye jeli ya kawaida yenye kitenganishi cha vifungo vya salfa, SP-A huonekana kati ya kilodaltoni 28 na 36, mara nyingi na mstari wa pili karibu na 60 ambao ni minyororo miwili iliyogoma kuachana. SP-D huonekana kwenye 43. Jeli hiyo inakuambia protini ni yenyewe, lakini haisemi chochote kuhusu kama imebaki nzima. Kwa hilo unahitaji safu ya kuchuja kwa ukubwa, au jeli isiyotenganisha: SP-A kamili iko karibu na kilodaltoni 650, SP-D karibu na 520. Ikiwa nyingi imeshuka kuwa vitengo vya minyororo mitatu, ipeleke kwenye kazi nyingine. Sababu ni ya kimsingi. Nitriki oksaidi inayozalishwa kwenye mapafu yenye uvimbe hushambulia sisteini mbili za mwanzo wa mkia wa SP-D, nambari 15 na 20, na msalaba hufunguka. Mikia iliyokuwa imefichwa katikati hujitokeza, na protini iliyokuwa ikituliza huanza kuamsha. SP-D iliyovunjika ndani ya mrija wako inaweza kukuletea mkanganyiko huohuo.

Pili, endotoksini, yaani lipopolisakaridi, sumu ya ukuta wa bakteria inayoamsha makrofeji, na hapa ndipo kazi nyingi zimeanguka. SP-A hushika lipidi A, sehemu yake ya mafuta, na SP-D hushika sukari za kiini cha lipopolisakaridi. Kwa maneno mengine, umesafisha kwa uangalifu mkubwa protini ambayo kazi yake ya asili ni kuokota endotoksini. Ipitishe kwenye agarosi ya polimiksini ikiwa na oktili glukopiranosidi ya milimola 100 ili kuilegeza endotoksini, kisha dayalisisi tena. Pima kwa kipimo cha LAL, kinachogundua endotoksini, lengo likiwa chini ya yuniti 0.1 za endotoksini kwa mililita ya mchanganyiko wa mwisho unaokutana na seli. Usiridhike na LAL peke yake, maana protini inaweza kuficha endotoksini iliyoishika. Chemsha sehemu ya protini kwa nyuzi 100, dakika 10, halafu iweke kwenye makrofeji. Joto huharibu vichwa vya protini lakini endotoksini hubaki salama. Kama protini iliyochemshwa bado inatoa TNF, unapima endotoksini, rudi nyuma.

Tatu, kalsiamu, tutakayoikuta katika kila hatua inayofuata.

Makrofeji

Makrofeji za vifuko vya hewa hazina mbadala mzuri. Seli za ukoo (zinazokuzwa maabara bila kikomo) kama RAW 264.7 au THP-1 zinafaa kujifunzia mikono, na MH-S zinakaribia zaidi kwa kuwa asili yake ni mapafu ya panya, lakini majibu ya mwisho yatoke kwenye seli halisi.

Panya auawe kwa dozi kubwa ya pentobarbitali. Kuvunja shingo huchana koo la hewa na kumwaga damu mapafuni, ukapoteza sampuli. Kata mshipa mkuu wa tumboni damu itoke, pasua kiwambo mapafu yanywee, kisha ingiza kanula ya geji 20 kwenye koo na uifunge kwa uzi wa hariri. Ingiza mililita 0.8 za bafa ya fosfeti yenye joto la nyuzi 37, isiyo na kalsiamu wala magnesi, yenye EDTA ya milimola 0.5. Papasa kifua taratibu, vuta, rudia mara sita hadi kumi. Maji ya mara ya kwanza yaweke kando kwa kupima protini. Ukivuta ukapata hewa tupu, ama kanula imeingia bronkasi moja au uzi umelegea; irudishe nyuma milimita moja, usiongeze nguvu.

Panya mzima asiye na maambukizi atakupa seli laki kadhaa, na zaidi ya asilimia 95 ziwe makrofeji, zenye alama za Siglec-F na CD11c juu yake. Ukiona nyutrofili (seli za kinga zinazokimbilia penye uvimbe) zaidi ya chache, panya alikuwa mgonjwa au umeyajeruhi mapafu.

Seli hizi zimeishi zikiwa zimezungukwa na SP-A na SP-D, kwa hiyo zinakuja tayari zimeshikwa. EDTA huondoa sehemu. Zioshe mara mbili kuiondoa EDTA yenyewe, ziweke 50,000 hadi 100,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, na uziache usiku kucha zikiwa na seramu ya asilimia 10 iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30. Kesho yake toa seramu yote, uweke mchuzi usio na seramu wenye albumini ya asilimia 0.1. Seramu ina kolektini zake, na kupasha joto hakuziondoi kwa uhakika.

Kuhusu mchuzi wenyewe: RPMI 1640, ambayo iko kwenye kila jokofu la maabara, ina kalsiamu milimola 0.42 tu, ilhali fosfeti yake ni nyingi, kwa hiyo ukiongeza kalsiamu kwa wingi hutia ukungu. DMEM ina kalsiamu milimola 1.8 na ndiyo inayofaa. Ila chagua yenye glukosi gramu 1 kwa lita. Ile ya gramu 4.5 ina glukosi milimola 25, na glukosi hushindana na sukari za bakteria kwenye vichwa vya SP-D. Ongeza kalsiamu kloridi hadi ifike milimola 2.

Jaribio la kutuliza: vichwa vikiwa huru

Weka SP-A kwa mikrogramu 5, 10 na 25 kwa mililita, na SP-D kwa 1, 5 na 10, uziache na seli kwa saa moja. Kisha ongeza lipopolisakaridi nanogramu 10 kwa mililita. Baada ya saa 6 chukua mchuzi, pima TNF kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili.

Aina ya lipopolisakaridi ndiyo inayoamua unachopima. Ile fupi isiyo na mnyororo wa O (mnyororo wa sukari wa nje) hushikwa na SP-A moja kwa moja, na TNF itashuka kwa sababu tu endotoksini imemezwa na protini kabla ya kufika kwenye seli. Tumia ndefu, kwa mfano ya *E. coli* O111:B4, ambayo SP-A huishika kidogo sana. Na ongeza visima ambavyo seli zimekaa na protini, zikaoshwa, ndipo lipopolisakaridi ikawekwa. Kama utulivu bado upo, umetoka kwenye seli.

Ili kuthibitisha njia ya SIRP alfa, tanguliza kingamwili P84, inayoshika SIRP alfa, mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 30, isiyo na azidi ya sodiamu, na visima vingine uweke IgG1 ya kawaida ya panya mkubwa. Lazima pawe na visima vyenye P84 peke yake bila protini, kwa kuwa kingamwili inayoshika kipokezi inaweza kukitikisa. Utulivu ukiondoka P84 ikiwepo na ukabaki IgG1 ikiwepo, njia umeipata.

Jaribio la kuamsha: vichwa vikiwa vimeshika

Hapa mpangilio wa muda unageuka. Protini ikutane kwanza na bakteria, dakika 30 kwa nyuzi 37 penye kalsiamu milimola 2, kisha mchanganyiko wote uende kwenye makrofeji. *E. coli* K-12 iliyouawa kwa joto na kupakwa FITC, rangi inayong'aa, inafaa, kwa kuwa haina mnyororo wa O na vichwa huishika vizuri. Tumia bakteria 20 kwa kila makrofeji, saa moja kwa nyuzi 37, na sahani ya pili kama hiyo kwenye barafu ili kujua wangapi wamenata tu juu bila kumezwa. Osha kwa bafa baridi yenye EDTA ya milimola 5 ili kuwaachilia walioshikwa na kolektini kwa nje, kisha weka bluu ya tripani izime mwanga wa walio nje. Ndipo upime kwa saitometa ya mtiririko, mashine inayopima mwanga wa seli moja moja.

Usiamini saitometa kabla ya kutazama kwenye hadubini. SP-D hukusanya bakteria kuwa mabonge, na bonge moja lililonata hung'aa kuliko bakteria kumi waliomezwa. Makrofeji za vifuko vya hewa pia hung'aa zenyewe katika rangi ya kijani, kwa hiyo lazima uwe na seli zisizopewa bakteria.

Ukitumia bakteria hai na kuhesabu makoloni, weka mirija yenye protini na bakteria bila makrofeji. SP-A na SP-D huweza kutoboa utando wa bakteria wa aina ya K-12 zenyewe, na hilo si kazi ya seli.

Visima vya kulinganisha ni protini yenye EDTA, protini yenye sukari shindani (manosi milimola 50 hadi 100 kwa SP-A, maltosi kwa SP-D), protini iliyochemshwa, na albumini kwa ukolezi uleule. Ongeza pia kipande cha SP-D kilichotengenezwa kwa uhandisi chenye shingo na vichwa vitatu na karibu hakina mkia. Kinashika bakteria, lakini hakina cha kuipa kalretikulini. Tofauti kati yake na SP-D kamili ni mchango wa mkia na wa umbo la msalaba. Mara nyingi hutengenezwa ndani ya *E. coli*, hivyo ukaguzi wa endotoksini uwe mkali maradufu.

Kusoma matokeo

Kumezwa kukiongezeka hakumaanishi kinga imeimarika. Mfano ulio karibu nasi ni kifua kikuu. SP-A huongeza vipokezi vya manosi juu ya makrofeji, na *Mycobacterium tuberculosis* huutumia mlango huohuo kuingia kwenye seli anayotaka kuishi ndani yake. SP-D hufanya kinyume: hushika lipoarabinomanani iliyo kwenye ukuta wa bakteria huyo na kupunguza kumezwa kwake. Mwaka 2006 utafiti wa Ethiopia ulihusisha aina fulani za jeni SFTPA1 na SFTPA2 na uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Anayefanya kazi hii bila maabara ya usalama daraja la 3 atumie BCG, bakteria dhaifu wa chanjo, na apime pia uhai wa bakteria baada ya siku kadhaa, si kumezwa kwa saa moja pekee.

Panya walioondolewa jeni ya SP-D si wa kulinganisha moja kwa moja na wazima. Makrofeji zao zimejaa mafuta, zimeshaamka, na mapafu yao hupata emfisema (kuta za vifuko vya hewa kuharibika) kadiri wanavyokua. Mpe panya huyo SP-D kwanza, uone kinachorudi katika hali yake.

Ukiingia kwenye limfosaiti, protini zote mbili hupunguza kugawanyika kwa seli T na utoaji wa IL-2, ishara inayozichochea kugawanyika. Angalia tu mchuzi wa seli T usiwe na beta-merkaptoethanoli, ambayo wengi huiweka kwa mazoea. Inakata vifungo vya salfa, navyo ndivyo vinavyoshikilia vitengo pamoja.

Kwa sampuli za wagonjwa, weka EDTA ya milimola 10 kabla ya ELISA, la sivyo protini iliyoshika bakteria na mafuta haitaonekana na utasema imepungua. SP-D ikipanda kwenye damu, ukuta wa mapafu unavuja. Haina maana kwamba mapafu yanailinda njia ya hewa vizuri zaidi. Na maji ya mapafu yenye usaha yawekewe vizuizi vya protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini) palepale kando ya kitanda. Elastasi ya nyutrofili hukata kichwa cha SP-D na kuacha kipande cha kilodaltoni 35, ambacho kingamwili nyingi za ELISA bado hukitambua na kukihesabu kama protini nzima. Kwa hiyo kila sampuli ya aina hiyo ipitishwe pia kwenye jeli.